Siku ya Nyanya Uani kwa Fraser

Mama alipoambiwa Fraser anaishi wapi, aliweka kikombe cha kahawa mezani akauliza, "Kakosa nini?"

"Hajakosa kitu, Mama. Amenunua."

"Amenunua nini?"

"Nyumba. Gorofa ya tatu, ndani ya Merriwell."

"Merriwell, kile kiwanda cha soksi?"

"Hiyo hiyo."

Akaangua kicheko. Mama yangu si mtu wa kucheka ovyo, na kaka yangu Carmelo alitoka chumbani mbio kuja kuona kulikoni.

"Carmelo, njoo usikie makubwa," Mama alisema huku anajifuta machozi kwa ncha ya aproni. "Dada yako kapata mchumba. Na mchumba mwenyewe analipa hela alale mle nilimokuwa naomba Mungu king'ora kilie nitoke!"

Ndivyo uchumba wangu ulivyopokelewa nyumbani, kwa dharau. Sikumlaumu Mama. Mimi mwenyewe dharau ninayo ya kutosha kugawia mtaa mzima, na watu wa Merriwell nawajua vizuri maana nusu yao nawakata nywele kwenye saluni yangu ya Sydney Road. Jamani, wale watu! Ukuta ambao marehemu baba angeupiga lipu kabla ya chakula cha mchana, wao wanaubandua lipu iliyopo, halafu wanaumulikia taa. Wakija kuketi kwenye kiti changu hawazungumzi watoto wala ndugu, ni matofali tu. Eti matofali yao yana roho. Huku wanakohoa vumbi lake.

Sakafuni kwa Fraser kuna madoa meusi ya mafuta ya mashine. Yamepakwa vanishi juu, makusudi, yasitoke. Siku ya kwanza kuyaona nilipiga magoti nikaanza kuyasugua kwa kitambaa. Akanishika bega kwa upole.

"Hiyo ni historia, Ornella."

"Kwetu inaitwa uchafu," nikamwambia.

Na juu ya kitanda chake inaning'inia ndoano ya chuma, nene kama ya buchani, iliyokuwa ikinyanyulia marobota ya nyuzi. Kila nikilala pale nilikuwa naitazama na kujiuliza ikiniangukia nikiwa sina nguo, mapadri watasema nini kwenye mazishi.

Lakini nililala pale. Hilo sifichi. Nilimpenda yule mwanaume mpaka nikajionea haya. Kazi yake ni kupima watu macho, na alipoketi mara ya kwanza kwenye kiti changu, akanitazama kwenye kioo kwa utulivu ule wa mtu aliyezoea kutazama watu machoni kwa karibu, mkasi ukanikataa. Nilimkata upande mmoja mfupi kuliko mwingine. Akalipa, akashukuru, akarudi wiki iliyofuata eti nimsawazishe. Nilikuwa nimepita miaka thelathini na tano, nimeshakata tamaa ya wanaume na kubaki na ulimi tu. Kisogo chake kilikuwa kinanukia sabuni ya kawaida ya kufulia. Nikasema moyoni, huyu simwachi.

Mama alikuwa na hoja zake. "Mtu anayeona raha kulala kiwandani, huyo hajapata kufanya kazi. Sasa mtu ambaye hajapata kufanya kazi, wewe unayesimama kutwa na miguu imevimba, atakujulia wapi?"

"Anafanya kazi, Mama. Anapima macho."

"Kwa kukaa kitako."

"Mama!"

"Haya. Mlete siku ya nyanya. Nitatoa jibu langu siku hiyo."

Sisi watu wa Calabria, walikotoka wazazi wetu wakivuka bahari, mchumba hatumuulizi vyeti. Analetwa siku ya nyanya, siku ile ya Februari, katikati ya kiangazi, ukoo unapotengeneza sosi ya mwaka mzima, anapewa mashine aizungushe, na watu wanamtazama. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwetu hizo siku mbili tumezifuta. Dada zangu wa ukoo wawili wamewahi kuachana na wachumba zao kabla ya saa sita mchana.

Tatizo lilikuwa mahali. Tangu baba afariki na nyumba yetu ya mtaa wa Coburg iuzwe, Mama anakaa kwa Carmelo kwenye kinyumba kisicho na gereji wala uwanja. Nyanya zilikuwa zimeshaagizwa. Fraser aliposikia, macho yalimng'aa.

"Njooni kwetu! Ua wa chini ni mkubwa, una bomba na kivuli."

"Wenzako hawatasema?"

"Waseme nini? Ua ni wetu sote." Kisha akachukua mikono yangu yote miwili, akashusha sauti. "Na siku hiyo, Ornella, sitamwita tena Signora, kama bibi wa watu. Nitamwita Mama, mbele ya kila mtu atakayekuwepo. Nataka wote wajue wewe ni nani kwangu."

Nililia. Mimi, mwenye mdomo huu, nililia kwa ajili ya neno moja ambalo hata halijasemwa.

Basi Jumamosi ikafika, asubuhi tu lami imeshaanza kulainika kwa joto. Pikapu ya Carmelo ilijaa makreti ya nyanya, masufuria, majiko ya gesi, pipa la kuchemshia chupa na mashine yetu ya kusagia, ambayo baba aliifunga mota ikaungua, ikarudi kuwa ya mkono. Carmelo alipoegesha, Mama alishuka kabla gari halijatulia vizuri akashika njia ya uchochoroni, pembeni ya jengo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Mlangoni."

"Huo ni wa baiskeli siku hizi. Tunapita mbele."

Alisimama. Mlango wa mbele wa Merriwell ulikuwa wa mabwana na wageni wao. Miaka yote aliyoshona ncha za soksi mle ndani, Mama hakuwahi kuukanyaga. Fraser alitoka kutupokea, shati limekunjwa mikono, akamtolea mkono kama anamwingiza kanisani.

"Karibu, Signora. Pita hapa."

Nilisikia lile *Signora* nikajiambia, bado mapema. Mama alifuta viatu kwenye zulia, mara mbili, akaingia. Ukumbini wameweka mashine moja ya kufuma soksi juu ya jukwaa, imepakwa rangi nyeusi inayometa, ina taa yake peke yake. Mama aliitazama kwa muda.

"Ona," aliniambia kwa Kicalabria. "Sisi tulikuwa tunagombania balbu. Huyu kapewa taa na hana kazi."

Carmelo akacheka mpaka kreti likamponyoka.

Tukajipanga uani, kati ya mizeituni ya kwenye vyungu ambayo haijapata kuzaa hata tunda la kusingiziwa. Mama alikata, mimi nikaosha na kuchambua mrehani, Carmelo akawasha majiko, na Fraser akafungwa aproni na kupewa mashine.

"Shemeji," Carmelo alimwambia, "hiyo haiumi. Izungushe."

"Ninaizungusha."

"Unaibembeleza. Bibi yangu, Mungu amrehemu, aliizungusha kwa mkono mmoja huku amebeba mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mimi! Na nilikuwa mzito!"

Fraser akacheka, akainama, akaizungusha kweli. Jasho likamtoka. Nyanya zikamrukia usoni na kwenye ile miwani yake ya bei mbaya, asijali. Maganda yakatoka huku, juisi nyekundu ikashuka kule, naye haachi. Baada ya muda Mama alinyanyuka, akachovya kipande cha mkate kwenye sosi ya kwanza, akamlisha mdomoni kwa mkono wake. Halafu akaja kuketi karibu nami.

"Mikono anayo," alisema.

Kwa Mama huo ni utenzi mzima. Nilimtazama Fraser ng'ambo ya masufuria, naye akainua kichwa akanitazama, mashavu mekundu, mrehani umemgandia kwenye kidevu. Hapo ndipo nilipotaka kufa kwa furaha, nakwambieni. Hapo nilikuwa tayari kuipenda hata ile ndoano.

Kisha akashuka Philippa.

Philippa ni mwenyekiti wa kamati ya jengo. Avae nini, kitani cheupe. Alikuja na kijibwa chake kwapani, na wakazi wenzake wanne nyuma wamekunja pua.

"Samahani," alisema, kwa ile sauti yao ambayo haina samahani ndani yake. "Kuna nini hapa?"

"Nyanya," Carmelo alisema.

"Naona ni nyanya."

"Sasa unauliza nini?"

Watu kama Philippa hawamjibu mtu aliyevaa kaptula ya kufanyia kazi ya zege. Aliuzungusha uso taratibu, akapitia masufuria, makreti, Mama, mimi, kama anayekagua kilichozibuliwa kwenye mtaro. "Harufu imenifikia gorofa ya nne. Nimefunga madirisha na joto hili! Mnajua matofali haya yanalindwa kisheria? Na hayo ni nini pale ukutani, ni sosi? Nani amewaruhusu hawa watu?"

*Hawa watu.* Nilinyanyuka na kisu changu cha mrehani, lakini nikajizuia. Si mimi niliyetakiwa kusema. Nilimgeukia Fraser.

Alikuwa ameshaiacha mashine. Anajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Fraser?" Philippa aliinua nyusi. "Unawafahamu?"

"Ndiyo. Mimi nime... ni mimi niliyewakaribisha."

"Kwa shughuli gani? Maana unajua kanuni, wewe unagombea kamati mwezi ujao. Ua huu si wa shughuli za familia. Ni wa wakazi kupumzika, na wa kuenzi historia ya jengo. Basi."

Sosi ilikuwa inatokota. Nikasema moyoni, sasa. Sema sasa, mpenzi wangu. Neno lenyewe fupi, hata mtoto mchanga analiweza.

Fraser alivua aproni.

"Ni historia hasa," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayefungua semina. "Huyu ni Assunta. Alikuwa mfanyakazi hapa Merriwell, mshonaji, enzi za kiwanda. Nilifikiri ingekuwa vizuri arudi atuonyeshe mila za wanawake waliofanya kazi humu. Nilitaka iwe ya kushtukiza. Ni kama... onyesho."

"Onyesho!" Uso wa Philippa ulifunguka kama mwavuli. "Oh, Fraser! Kwa nini hukusema? Mfanyakazi halisi?"

"Halisi kabisa."

"Na huyu?" Alinielekezea kidole.

Fraser hakunitazama. "Huyu anamsaidia."

Carmelo alitupa mwiko chini. Nilimshika mkono kabla hajapiga hatua, kucha zangu zikamwingia. Yeye na mimi tulizaliwa hapa, Kiingereza chao tunakisikia chote, na matusi yaliyomo. Mama Kiingereza chake ni cha kiwandani: ndiyo, hapana, haraka, bado, nimemaliza. Watu wakisema upesi anabaki kutazama nyuso. Na nyuso alizokuwa akizitazama sasa zilikuwa zinatabasamu, zinamsogelea, mikono imenyooshwa.

"Amewaambia nini?" alininong'oneza. "Mbona wamefurahi ghafla hivi?"

Ningesema nini? Niambieni nyinyi wenye busara. Alikuwa ameshika kisu, amelowa jasho, mzee wa watu, anangoja.

"Amewaambia wewe ni mama mkwe wake," nikasema.

Yesu na Maria! Mngemwona. Alinyooka mgongo. Akajifuta mikono, akajipapasa nywele, akacheka na macho yote mawili. Akachukua kitambaa cha vyombo akajifunga kichwani vizuri, kisha akaanza kukata mikate. Kila aliyesogea alilishwa. "Kula, kula," aliwaambia kwa Kiingereza chake. "Nyumba moja. Sasa nyumba moja."

"Mungu wangu, kitambaa!" Philippa aliwaambia wenzake. "Ndivyo walivyokuwa wanajifunga! Assunta, geuka hapa kidogo. Hapo kwenye ukuta. Unaweza kushika nyanya?"

Mama akashika nyanya. Simu zikaanza kupiga picha. Wakateremka wengine kutoka gorofa za juu na glasi za mvinyo, na Fraser katikati yao, anaeleza kwa mikono, anaonyesha pipa, anaonyesha mashine ambayo dakika chache tu nyuma ilikuwa inamtoa jasho kama mwanaume.

"Ilikuwaje humu, Assunta?" bwana mmoja aliuliza. "Zamani?"

Nikamfasiria. Mama akafikiri. "Baridi," alisema. "Kiangazi joto. Kelele. Ukitaka chooni, unainua mkono, nyapara anakuangalia kwanza kama unastahili kwenda."

Nikawafasiria. Wakaguna wote kwa utamu, mmh, kama waliolambishwa asali. Philippa alishika kifua. "Unaisikia humu ndani, sivyo? Mimi usiku naisikia. Roho yao."

Nilitamani kumtumbukiza kwenye sufuria yeye na kijibwa chake.

Nilimkuta Fraser kwenye korido ya baiskeli, anachukua viti vya kuongezea wageni. Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Weka hivyo viti."

"Ornella, umeona? Wamempenda! Nilidhani tumekwisha, haki ya Mungu, nilidhani anawaita manispaa."

"Mimi ni nani, Fraser?"

"Vipi?"

"Nakuuliza. Kule nje mimi ni nani?"

Akaviweka viti chini. "Nilipaniki. Ilibidi niseme kitu haraka. Hukusikia kanuni? Shughuli ya familia hairuhusiwi, na sikuwa nimeomba kibali."

"Kwa hiyo mama yangu akiwa onyesho, ruhusa. Akiwa mkweo, marufuku."

"Usiigeuze hivyo."

"Nimegeuza nini? Ulikuwa na neno moja la kusema! Mwenyewe ulisema, mimi sikukutuma. Mbele ya kila mtu, ulisema, ukanishika mikono, nikalia kama mjinga!"

"Nitalisema. Leo jioni, tukibaki wenyewe, nitamwita Mama, nitapiga goti ukitaka."

"Tukibaki wenyewe." Nilicheka. "Mke wa kufungiwa chumbani, chini ya ndoano."

"Hiyo si haki. Unajua ninavyokupenda."

"Najua."

"Basi?"

Alisogea. Alikuwa bado na mrehani kidevuni, na harufu ya nyanya na ile sabuni yake ya kufulia, na mikono ikanishika kiuno mahali inapopajua. Mwili wangu ukamwegemea, msaliti mkubwa. Nilifumba macho nikakaa pale kifuani kwake, nikisikia moyo wake unapiga mbio. Alikuwa anaogopa kweli. Lakini nilijua anaogopa nini, na hakuwa anaogopa kunikosa mimi. Anaogopa nitatoka pale niseme kwa sauti kule nje, Philippa asikie.

"Utasema?" alininong'oneza nyweleni.

Nikafumbua macho.

"Yule mwanamke aliuliza kama unatufahamu, Fraser. Hakukuwekea kisu shingoni. Alikuinulia nyusi tu."

"Nimekosea. Mtu hakosei?"

"Anakosea. Mchumba wa binamu yangu aliungua mkono kwenye pipa akatukana mbele ya padri, na wameoana. Wewe hukukosea. Wewe ulifikiri. Nilikuona ukifikiri, huku unafuta vidole."

Akabaki ananitazama kwa macho yale yale ya kwenye kioo, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anavyonitazama mimi ndivyo anavyotazama kila kitu mle ndani, matofali, madoa, na ile mashine yenye taa. Alikuwa anapenda kweli. Alipenda vitu vilivyokwishanyamaza. Nikamwacha na viti vyake.

Wageni waliondoka walipoona kazi iliyobaki ni ya kuosha masufuria. Philippa alimshika Mama mashavu. "Mwaka ujao tena, Assunta! Tutaliweka kwenye kalenda!" Mama akambusu kushoto na kulia. Ua ukabaki wetu, na Carmelo anapakia gari, anabamiza kila anachokishika.

Fraser akatoka, anatembea polepole. Mama alimwita kwa mkono, akamketisha juu ya kreti, akaniita na mimi. Alikuwa bado na kitambaa kichwani.

"Nilisema nitatoa jibu," alianza, na alisema Kiingereza, kile kile chake kidogo, ili Fraser asikie mwenyewe. "Mimi sikutaka wewe. Nyumba hii sikutaka. Leo mimi napita mlango mbele. Leo watu wananiuliza, Assunta, ilikuwaje. Mtu hajaniuliza, hata mume wangu." Akampigapiga goti. "Wewe husemi kwa siri. Wewe unasema mbele ya watu, huyu mama yangu. Basi. Mchukue."

Fraser akanigeukia, uso umemshuka. Alielewa nilichofanya. Sekunde chache tu, kisha nikaona uso ule ule ukipanda tena, unapata nafuu, unashukuru. Alikuwa anajua sitasema. Akashika mkono wa Mama, akaubusu.

"Asante," alisema. "Asante, Mama."

Hapakuwa na mtu uani ila sisi, na mizeituni isiyozaa.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Mwanaume niliyempenda alikuwa mbele yangu, baraka zimeshatoka, na Mama ana furaha ambayo sijaiona tangu baba azikwe. Kunyamaza hakuna gharama, wanasema. Nilimtazama Fraser akiwa ameinamia ule mkono wenye makovu ya sindano, akiubusu vizuri kabisa.

"Mimi simtaki," nikasema.

Mama akadhani hajasikia. "Nini?"

"Simtaki, Mama. Inuka twende."

"Ornella!" Fraser alisimama. "Ornella, tafadhali, tuzungumze."

"Kazungumze na kamati."

"Amekufanya nini?" Mama alilia kwa Kicalabria. "Mbona mimi sielewi! Amekufanya nini huyu mtoto? Carmelo! Dada yako kapata kichaa!"

Carmelo alisimama mlangoni, kreti begani. Alinitazama, nikamtikisia kichwa. Kaka yangu yule, ambaye hajawahi kumeza neno tangu ajifunze kusema, alimeza. "Ingia garini, Mama," alisema. "Jua kali."

Tulimpandisha kama mfungwa. Aliendelea tangu tunatoka Merriwell, na Sydney Road yote, tramu zinatupita, chupa zinagongana nyuma. Aliniita kiburi. Aliniita tasa wa moyo. Alisema nitazeekea saluni nikifagia nywele za wake za watu. Mimi niko katikati yao, magoti yamebanana, mikono yote miekundu mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa namtamani Fraser hata pale, mwili mzima, na nilikuwa namdharau, na hivyo viwili havikupunguzana hata kidogo.

"Nijibu basi!" Mama alinipiga paja. "Umemtupa mwanaume aliyemheshimu mama yako mbele ya mabwana. Utampata wapi mwingine kama yule?"

Carmelo akakaza mikono kwenye usukani.

"Sijui, Mama," nikasema. "Nisamehe."

"Sikusamehe," alisema Mama, akafungua kitambaa kichwani, akajifuta nacho machozi.